Jezi Zilizokatazwa Maji

Mjomba wangu alikuwa mtu wa kwanza kijijini kwetu kununua baiskeli, na wa mwisho kuipanda. Aliinunua kwa pesa ya pamba, mimi nikiwa mtoto wa kuchunga ng'ombe, akaileta nyumbani akiisukuma kutoka mjini, mwendo wa siku mbili, vyuma vyake bado vimevishwa karatasi za dukani. Watu wakajaa uani. Wakamwambia panda tuone. Akasema, "Imetoka mbali hii, imechoka." Kesho yake wakaja tena. Akasema leo kuna vumbi. Basi mwaka mzima mjomba akawa anakwenda mnadani anaisukuma, anarudi anaisukuma, na mzigo wake kaubeba kichwani asije akaiumiza. Mkewe alikuwa akitembea nyuma yake na kuku wake mkononi, anamwambia mbele za watu, "Siku moja na mimi nitakuomba unisukume."

Ukweli niliujua mimi peke yangu. Asubuhi moja nilikuwa nafuata ng'ombe aliyepotea, nikamkuta mjomba kule mbugani kalala chini ya baiskeli, gurudumu linazunguka hewani, naye anaimba polepole ili mpita njia adhani kapumzika. Hakujua kuiendesha. Alikuwa anajifunza kwa kificho, na alikuwa hajifunzi kitu. Aliniapisha pale pale, na magoti yake yanachuruzika damu. Nikanyamaza, na kwa kunyamaza kwangu akawa ananiachia niipande kule mbugani asipoona mtu. Mimi nikajua kwa siku tatu. Yeye hakujua mpaka mwisho, akachoka kusukuma, akanipa.

Hiyo baiskeli ndiyo iliyonileta Mwanza. Shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nililikaa msimu mmoja wa mvua. Lakini kampuni ya pamba ilikuwa inataka tarishi mwenye baiskeli, haikusema inataka tarishi mwenye darasa. Nikawa nasambaza barua nisizoweza kuzisoma vizuri, na nadhani ndiyo sababu walinipenda. Baadaye kampuni ikawa na timu ya mpira, na timu ikawa na mipira, na mipira ikahitaji baiskeli yenye karia pana ya kuipeleka kiwanjani. Karia pana nilikuwa nayo mimi. Kutoka kwenye mipira nikapewa na jezi, kutoka kwenye jezi nikapewa na chumba cha kota nyuma ya kiwanja, pale Igogo, nikaitwa mtunza vifaa. Sikuwahi kucheza mpira hata siku moja. Nikiuona unakuja, nakwepa.

Wakati ule wa zamani, kabla kila kitu hakijawa ruksa, timu yetu ilikuwa timu ya raha. Wachezaji wote walikuwa waajiriwa wa kampuni kwa karatasi. Kapteni aliandikwa fundi wa boila, na boila lenyewe hakuwahi kuliona. Siku moja wageni kutoka Dar walimwomba awaonyeshe, akawapeleka kwenye tangi la maji. Kipa aliandikwa karani wa mizani. Mshahara unakuja, ugali wa kantini unakuja, mazoezi saa kumi jioni. Tukifungwa, tunasema tumejifunza.

Halafu likaja neno ubinafsishaji. Mimi kwanza nilidhani ni ugonjwa, maana kila aliyelitaja alikuwa ameshika tama. Maduka yalijaa bidhaa, mitumba ikamwagwa chini mpaka barabarani, viwanda vya minofu ya sangara vikaota ufukweni na ndege zikawa zinabeba samaki wetu kwenda kuliwa na watu wasiojua hata jina la ziwa. Na kampuni yetu ikauzwa. Akaja mwekezaji, bwana mmoja mfupi aliyevaa kaptura kama yuko likizo, akatukusanya chini ya paa la ghala, akasema kwa Kiswahili alichojifunzia kwenye ndege:

"Mimi hapana chuki na mpira. Timu ikiwa ya kwanza au ya pili kwenye ligi, nitailisha mwaka mwingine. Ikiwa ya tatu, kwaheri. Kiwanja nitaweka makontena. Na kota nitabomoa."

Wengine waliguna kwa ajili ya timu. Mimi niliguna kwa ajili ya kota. Chumba chetu kilikuwa kimoja na baraza, lakini mlango wake ulitazama ziwa, na mke wangu alikuwa na ufukwe wake wa kuanikia dagaa hatua arobaini kutoka kitandani. Tangu siku ile nikaanza kupenda mpira. Nikaanza hata kuuliza kuotea maana yake nini.

Ligi ikaanza, tukafungwa mechi mbili za kwanza. Ya pili tulifungwa na timu ya magereza ambayo nusu yao walikuwa na vitambi.

Hapo ndipo ikaamka kamati ya ufundi. Asiyejua mambo ya mpira wetu atadhani kamati ya ufundi inashughulika na ufundi. Kamati ya ufundi ndiyo inayokwenda kwa waganga. Kila timu ilikuwa nayo, na kila timu ilikana. Msimu huo huo niliona mechi ambayo timu zote mbili ziligoma kuingia kwa geti, kila moja ikiogopa kilichofukiwa pale na mwenzake. Wakaruka ukuta, sisi upande huu, wao upande ule, na viongozi wenye suti nao wakaruka, mmoja akaacha suruali kwenye chupa zilizopandwa juu ya ukuta. Refa peke yake ndiye aliyepita getini, akasimama katikati na mpira wake kwapani kama mtu aliyealikwa kwenye harusi isiyokuwepo.

Mwenyekiti wa kamati yetu alikuwa mkuu wa stoo wa zamani, mzee mnene, mwenye sauti ya kanisani. Mechi ya pili ilipotushinda alivuka na kivuko kwenda Busisi, akakaa siku mbili, akarudi na mtaalamu. Neno mganga lilikuwa halitamkwi, ni mtaalamu. Huyo mtaalamu alikuwa mtu mwembamba, msafi, amevaa shati jeupe la mikono mirefu, anabeba mkoba kama wa bwana shamba. Alitandaza jezi zetu zote kumi na sita sakafuni, zile za kijani, maana seti ilikuwa moja tu, akazinyunyizia unga fulani, akazikusanya kwenye gunia. Kisha akasema sharti.

"Jezi hizi zisiguse maji mpaka filimbi ya mwisho ya msimu. Zikigusa maji, dawa inatoka."

Kocha wetu, ambaye tulimwita mwalimu, alikuwa amesomea ukocha Ulaya kwenye nchi ya baridi na alikuwa na cheti chenye mhuri mwekundu. Akasema, "Mzee mwenyekiti, jasho la wiki kumi na tano?"

"Mwalimu," akasema mwenyekiti, "wewe na cheti chako mmetufikisha kwenye kufungwa na magereza."

Mwenyekiti akanigeukia mimi. "Na wewe, gunia hili linalala kwako, chumbani, siyo stoo. Likigusa tone la maji, wewe na mkeo mtakwenda kulala kwenye mawe na pimbi."

Kwa hiyo nikalala na gunia.

Mechi ya kwanza ya dawa tukashinda. Ya pili tukatoka sare. Ya tatu tukashinda tena, na kwa jinsi wale jamaa walivyokuwa wanatukimbia, sikushangaa. Mabeki wao walikuwa hawataki kumkaba mtu wetu kwa karibu. Mwenyekiti aliweka na utaratibu wake: kabla ya kila mechi anatoa jezi moja moja kwenye gunia, anaisogeza puani, anafumba macho, anavuta pumzi mpaka tumboni, anatikisa kichwa. "Dawa ipo." Ndipo anampa mwenye namba yake.

Lakini kipa akaanza kuota upele. Ulianzia shingoni ukashuka kwapani. Katika ile mechi ya tatu ilipigwa kona, mpira uko hewani, watu wote wanautazama, naye kipa kainamisha kichwa anajikuna kwa mikono miwili. Mpira ukagonga mwamba ukatoka. Mwenyekiti akapiga makofi, akasema mwamba nao umetiwa dawa.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya kuliko uwanjani. Mke wangu alikuwa mwanamke wa maneno machache na yote yanauma. Alikuwa ameishi na dagaa maisha yake yote, harufu haikuwa jambo la kumtisha. Usiku mmoja baada ya mechi ya tatu akakaa kitandani.

"Baba watoto, humo kuna maiti?"

"Ni jezi tu. Zina dawa."

"Dawa ya kuua nini?"

"Ukizifua tutafukuzwa kota, unajua hivyo."

"Nisipozifua utakaa kota peke yako," akasema, akalala akinipa mgongo.

Siku ya pili yake nilikwenda posta na barua za mwekezaji. Kurudi, nikiwa bado juu kwenye njia ya mawe, nikaona majabali yetu ya Igogo yamekuwa ya kijani. Kila jabali na jezi yake. Namba tisa juu ya jabali kubwa, mikono imetanuliwa, kama mtu anayesali. Nikakaa chini pale pale njiani, mama mmoja aliyekuwa anapita akaniuliza, "Shikamoo, mzee, unaumwa?" Nikamwambia marahaba, siumwi, nimekufa.

Nilipofika chini mke wangu alikuwa anakamua bukta ya kapteni.

"Zimeniletea maji mekundu mara tatu," akasema. "Nikadhani nafua barabara."

"Umetuua, mwanamke wewe. Kesho kutwa kuna mechi. Mwenyekiti atanusa!"

"Ananusaje?"

Nikamwonyesha. Nikachukua jezi, nikafumba macho, nikavuta pumzi. Ilinukia sabuni ya mche, jua na upepo wa ziwa. Nilitaka kulia, maana ilinukia vizuri sana.

Mke wangu alinitazama, kisha akatazama dagaa zake zilizotandazwa mchangani. Zilikuwa za siku ya pili, yaani siku ile ambayo dagaa hajawa mkavu na hayuko mbichi, na hata nzi anafikiri kwanza. Alizikunja jezi, akazitandaza juu ya wavu, akamwaga dagaa juu yake, na akatandaza jezi nyingine juu ya dagaa. Jua likafanya kazi mpaka saa kumi. Tulipozifukua nilirudi nyuma hatua mbili.

"Haya," akasema. "Mwambie anuse."

Siku ya mechi nilisimama kando ya gunia. Mwenyekiti alitoa jezi ya kwanza, akaisogeza puani. Macho yakamtoka. Akakohoa. Akavuta tena, polepole, kwa heshima.

"Jamani," akasema, na sauti yake ya kanisani ikashuka. "Imeongezeka nguvu!"

Tukashinda mbili bila.

Basi mchezo ukawa huo. Kila baada ya mechi tunafua alfajiri, tunaanika kwenye majabali ya upande wa ziwa wasikoona watu wa kiwanjani, mchana tunatia dagaa, jioni gunia liko mahali pake. Upele wa kipa ukakauka. Akawa anawaonyesha wenzake shingo, anasema dawa ilikuwa kwanza inatoa uchafu wa ndani. Alidaka penalti mbili katika mwezi mmoja. Mimi nikawa natembea mjini nimeinua kidevu, na siri tumboni inanitekenya mpaka nacheka peke yangu kwenye foleni ya posta.

Kuna mmoja tu aliyenitia hofu. Katikati ya msimu mtaalamu alivuka kuja kukagua dawa yake. Akanusa jezi moja, siyo kwa kufumba macho kama mwenyekiti, bali kama mpishi anayeonja mchuzi wa mwenzake. Akaomba tuzungumze wawili pembeni.

"Mzee wangu, wewe kwenu wapi?"

"Mimi Msukuma wa huku juu, wa ng'ombe."

"Na mama anafanya shughuli gani?"

Nikasema polepole, "Anauza dagaa."

Akatazama ziwa kwa muda mrefu, uso wake mkavu kabisa. "Dagaa ni chakula kizuri," akasema. "Sisi kule Busisi mwaka huu hatujapata wazuri."

Jioni hiyo aliondoka na debe zima, na mwezi uliofuata akaja tena kukagua, na uliofuata. Mke wangu alikuwa anampimia mwenyewe, anamwambia, "Karibu tena, mtaalamu, dawa yako inaliwa na nani kule?" Naye anajibu, "Na wagonjwa wangu, mama. Wanapona." Nadhani walielewana kuliko nilivyoelewana mimi na yeyote kati yao.

Hivyo tukafika mechi ya mwisho. Tulikuwa wa pili. Nyuma yetu palikuwa na timu moja inatupumulia kisogoni, na mechi yetu ilikuwa ugenini, upande wa Geita. Hesabu ilikuwa rahisi hata kwa mtu wa darasa la tatu: tukishinda au tukitoka sare tunabaki wa pili, timu inabaki, kota inabaki. Tukifungwa, makontena.

Tulivuka Kigongo asubuhi. Kwenye kivuko abiria walitupisha, wakasogea wote upande mmoja, mpaka nahodha akapiga kelele kwamba chombo kinalala. Mama mmoja mwenye kikapu cha nyanya akauliza hawa wanapeleka samaki wapi, siku zote samaki wanatoka huku kwenda mjini.

Uwanja wenyewe haukuwa na chumba cha kubadilishia nguo. Tulipewa darasa la shule jirani, madawati yamesukumwa ukutani, ubaoni kuna hesabu za kutoa. Mwenyekiti akasimama mbele kama mwalimu mkuu, akaanza kunusa na kugawa. Kipa alikuwa wa kwanza. Akaipokea jezi yake, akaingiza kichwa, akaingiza mkono wa kulia, akanyoosha mkono wa kushoto. Na kwenye mkono ule wa kushoto kukatoka dagaa mmoja mkavu. Akaanguka juu ya sakafu ya saruji. Hakutoa sauti, lakini wote tulimsikia.

Watu kumi na tano wakamwangalia dagaa, urefu wake kama kidole.

"Asiguswe!" akasema mwenyekiti.

Kipa alikuwa amesharuka juu ya dawati. "Wamenitupia! Hawa wenyeji wamenitupia kitu!" Akaivua jezi akaitupa, akabaki kifua wazi. "Mimi siingii. Nina mke, nina mama mzee. Siingii!"

Mwenyekiti akajaribu kumtuliza kwamba huenda ni ya mtaalamu wetu, ni ishara njema. Kipa akauliza mtaalamu yuko wapi aseme mwenyewe. Mtaalamu hakuwepo, alikuwa amebaki Busisi na madebe yake. Kipa wa akiba naye alikuwa amelazwa kwa malaria tangu juzi, na mwalimu akaanza kuwatazama wachezaji mmoja mmoja nani ana mikono mirefu. Macho yake yakapita kwangu pia. Nje refa akapiga filimbi ya kutuita.

Nilisimama pale mlangoni na gunia langu tupu. Nikinyamaza, tunaingia bila kipa, tunafungwa, nyumba inakwenda. Nikisema, mwenyekiti ananifukuza, nyumba inakwenda. Nilitafuta njia ya tatu kwa nguvu zangu zote. Nilifikiria hata kuzirai.

Kipa akanitazama kutoka juu ya dawati. Alikuwa kijana wa kuniamkia kila asubuhi.

"Mzee," akasema, "wewe unalala na gunia hilo. Niambie ukweli. Kimeingiaje?"

"Ni wa mke wangu," nikasema.

"Nini?"

"Huyo dagaa. Ni wa mke wangu. Tunazifua jezi, halafu tunazitia dagaa ili zinuke."

Mwalimu wetu, yule mwenye cheti chenye mhuri, akakaa taratibu kwenye dawati la mtoto, akaficha uso kwenye viganja, mabega yakaanza kuruka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka hana sauti.

Mwenyekiti alikuwa bado ameshika jezi namba mbili karibu na pua. Akaishusha. "Tangu lini?"

"Tangu mechi ya nne ya dawa."

"Mshenzi wewe! Miezi yote hii nanusa dagaa?"

"Mzee, ulisema imeongezeka nguvu."

Hapo kapteni, fundi wa boila, alishindwa kujizuia, akageukia ubao. Lakini kipa hakucheka. Aliteremka kwenye dawati, akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayehesabu.

"Ile penalti ya kule Musoma?"

"Ilikuwa imefuliwa juzi yake."

"Na ile mechi ya mvua, niliyopangua mipira mitatu mfululizo?"

"Ile ilifuliwa mara mbili. Mke wangu alisema kola yako ina ukaidi."

Akashika shingo yake, pale palipokuwa na upele. Akapapasa. Nje filimbi ikalia tena, kwa hasira. Akainama, akamwokota dagaa, akampuliza vumbi, akamtia mdomoni akatafuna, kichwa, mkia na yote.

"Hana chumvi," akasema. "Nipe jezi."

Mechi yenyewe sitaisimulia, kwa sababu niliitazama kwa jicho moja, na jicho hilo nalo nilikuwa nalifumba. Wenyeji walipiga mwamba, walipiga kwapa la kipa, walipiga ng'ombe aliyeingia upande wa pili. Hawakupiga wavu. Bila kwa bila. Tukawa wa pili. Vijana walimbeba kipa, halafu wakanibeba na mimi, nikawaomba waniteremshe maana nina kizunguzungu cha kivuko. Mwenyekiti hakubeba mtu. Alikaa mbele kwenye gari na kioo amekipandisha.

Mke wangu nilipomwambia alisimamisha kijiko kwenye chungu. "Umewaambia ni dagaa zangu?"

"Nimewaambia."

"Umewaambia ni nzuri?"

"Kipa kasema hana chumvi."

"Huyo hajui kula," akasema, akaendelea kukoroga.

Jumatatu nikaitwa ofisini. Asubuhi hiyo, kabla sijatoka, mke wangu aliniambia jambo moja tu: kwa dada yake kule Nyegezi kuna chumba kimebaki wazi, kidogo, hakitazami ziwa. Alisema hivyo akiwa anachambua mchele, wala hakuinua uso.

Ofisini alikuwepo mwenyekiti, wanakamati wawili na mtaalamu na shati lake jeupe. Kwenye meza kulikuwa na gunia. Nilitegemea kufukuzwa, nikawa nimekwisha kuandaa maneno. Lakini mwenyekiti akanikaribisha kiti, akaniambia kwa upole kabisa:

"Mzee mwenzangu, hasira zimekwisha. Mwekezaji ametimiza ahadi. Timu ipo, kota ipo, chumba chako kipo. Tumekaa na mtaalamu, ametufafanulia. Dawa yake ilikuwa na nguvu hata maji hayakuiweza. Sasa wanachama wamesikia maneno ya ovyo kutoka Geita, na hayo yataua heshima ya kamati. Tumeandika karatasi kidogo hapa. Inasema wewe hukufua. Unaweka dole gumba, tunaendelea kama zamani."

"Kama zamani vipi?"

"Jezi zinabaki zilivyo mpaka msimu ujao. Tangu Jumamosi hazijaguswa. Gunia linarudi kwako leo, na safari hii mwanakamati mmoja atakuwa anapita kukagua chumbani kila jioni." Akanisogezea kidau cha wino.

Nikamtazama mtaalamu. Akatazama dari.

Nikafungua mdomo wa gunia. Jezi zilikuwa na jasho la Geita, siku mbili limefungiwa, jasho tupu bila dagaa hata mmoja wa kulisitiri. Ya juu kabisa ilikuwa ya kipa. Kola yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi pale inapokaa shingoni.

Dole gumba langu lilikuwa juu ya wino, karibu kabisa. Niliwaza mlango wetu unaotazama ziwa. Nikawaza na mtu akipita kila jioni kunusa chumba cha mke wangu, na mke wangu akiwa ndani. Nikawaza na kile chumba cha Nyegezi kisichotazama ziwa.

"Wazee wangu," nikasema, "naomba kidogo nikajisaidie."

"Nenda, nenda, tunakusubiri," akasema mwenyekiti.

Nikafunga mdomo wa gunia vizuri, kwa adabu. Nikatoka. Nikapita choo. Nikapita stoo, nikapita kantini, nikafika getini. Mlinzi alikuwa anakunywa chai ya rangi kwenye kopo.

"Mzee, unakwenda mbali?" akaniuliza. "Nisifunge geti?"

Nikamwambia asifunge, narudi sasa hivi. Mpaka leo sijarudi.